Kwa Nini Majivu Hayazikwi

Weka chini hilo beleshi, binti. Najua kwenu mjini majivu ni taka, lakini hapa uko milimani, na jiko hili ni la ukoo wetu. Keti hapo karibu na dada yako Eliaichi, bibi harusi wetu, na ninyi wengine sogeeni mchambue hizo kunde huku mkisikiliza. Mikono yenu ifanye kazi na masikio yenu yafanye kazi, mdomo niachieni mimi. Nitawaeleza kwa nini majivu hayatupwi ovyo katika nyumba zetu, kama nilivyoelezwa na mama mkwe wangu, naye alielezwa na wake, na wote hao walikuwa wanawake wasiopenda kukatizwa.

Kulikuwa na wakati ambapo neno hili, majivu, halikutamkwa kwa sauti. Watu wa milima hii walikuwa wameupata moto si muda mrefu, na walikuwa bado wanaushangaa. Uliwaivishia chakula, uliwaondolea baridi ya ukungu, uliwafukuzia chui. Waliuona unakula kama wao, unapumua kama wao, na ukichokozwa unakasirika kama wao. Basi ulipozimika na kuacha lile vumbi la kijivu katikati ya mafiga, hawakuwa na namna nyingine ya kulielewa jambo hilo. Walisema moto umekufa, na kilichobaki ni mwili wake. Jina lenyewe la majivu lilitajwa kwa kunong'ona, kama mnavyonong'ona ninyi mkipita karibu na nyumba yenye matanga.

Na maiti halazwi chumba kimoja na watu walio hai. Kila asubuhi mwanamke aliyekoka moto jana yake aliukusanya mwili huo katika jani la mgomba, akaufunga vizuri, akautia kikapuni, akavuka bonde hadi mgongo wa mlima wa pili, ambako kulikuwa na makaburi ya moto. Huko alichimba, akazika, akasimama kimya kidogo, ndipo akarudi. Hakuweza kumtuma mtu mwingine. Moto uliouwasha ulikuwa maiti wako mwenyewe, na aliyembeba maiti wa mwenzake alijitwika mkosi wa nyumba isiyo yake. Kwenda na kurudi, jua lilikuwa limeshapanda na kazi ya shamba bado haijaguswa.

Penye njia ya kwenda makaburini alikaa Mzee Senkondo, msimamizi wa maziko hayo. Alikuwa mtu mwema, msinielewe vibaya, ila alikuwa anaipenda kazi yake kupita kiasi. Kila mwanamke aliyepita alimwambia, "Pole kwa msiba, mwanangu," na mwanamke akajibu, "Nimeshapoa, baba." Hivyo ndivyo siku zote zilivyoanza, kwa rambirambi, hata kama jana yake kulikuwa na ngoma ya arusi. Juu ya yale makaburi maboga yaliota yenyewe, makubwa na ya kung'aa, lakini hakuna aliyethubutu kuyachuma. Watu walipita pembeni wakimeza mate.

Shida yao kubwa ilikuwa mbegu. Kunde za kupanda za ukoo wote, na ukoo wenyewe ulikuwa mdogo, ziliwekwa katika nyumba moja iliyoitwa Nyumba ya Mbegu, ndani ya kilindo, kile chombo kirefu cha gamba la mti chenye kifuniko. Kilindo kilikaa chumba cha nyuma, mbali na jiko, na mpaka mvua ya kwanza inyeshe hakuna mtu aliyeruhusiwa kukifunua isipokuwa mwanamke wa nyumba hiyo. Lakini fukusi hawakusubiri mvua. Kila mwaka kilindo kilipotolewa, kunde nyingi zilikuwa zimetobolewa, na nyingine zimekuwa unga mtupu. Watu waliteremka tambarare, wakawalimia kwanza wenyeji wa huko ndipo wapewe mbegu, na waliporudi kupanda za kwao, mvua ilikuwa inaelekea kwisha. Walivuna kidogo, wakaweka kidogo, na fukusi wakala hicho hicho.

Mwenye Nyumba ya Mbegu alikuwa mjane aitwaye Nakijwa. Alipoanza kuishiwa nguvu, kazi ya kutunza kilindo ilimwangukia mkwe wake, Namkunda, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Namkunda hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa huko huko tambarare, yatima aliyelelewa na watu baki, na mwana wa Nakijwa alimkuta akilima mashamba ya watu. Wazee walisema mbegu za ukoo haziwezi kuachwa mikononi mwa mtu asiyejulikana alikotoka. Nakijwa akawajibu kwamba yeye mwenyewe, Nakijwa, wanajua vizuri sana alikotoka, na fukusi wamekula kila mwaka vile vile. Wakaondoka, ingawa hawakuridhika.

Namkunda hakuisahau siku hiyo. Mama mkwe huyu alikuwa mtu wa kwanza duniani kumwita mwanangu pasipo kutaka kumtuma kitu. Alimfundisha lugha ya milimani bila kumcheka. Alimkanda kwa maji ya moto alipojifungua binti yake, Nanzia, akampikia uji na kumzuia asinyanyuke kitandani mpaka apate nguvu. Mtu aliyekulia kwa watu baki, wema wa namna hiyo haumtoki moyoni.

Mwaka mmoja ukame uliwapiga watu wa tambarare, wakatuma habari kwamba safari hii watu wa milimani wasihangaike kuteremka, hakuna cha kuwapa. Wazee wakaja kwa Namkunda. Senkondo ndiye aliyesema kwa niaba yao, na alisema bila ukali, jambo ambalo lilizidi kutisha. Alimwambia kunde zilizomo kilindoni ndizo pekee walizo nazo. Zikiharibika, ukoo utajua kwamba mkosi ni wake. Atarudi alikotoka, na mtoto atabaki kwao.

Namkunda alimtazama Nanzia aliyekuwa anatambaa uani, mdomo umejaa udongo. Akaitikia kwa kichwa. Alikotoka hakukuwa na mtu yeyote wa kumpokea, na hilo wazee walilijua.

Kisha Nakijwa akaugua. Ulikuwa msimu wa ukungu, wanaume wengi wako mbali na mifugo, na mume wa Namkunda alikuwa pamoja nao. Baridi ilimwingia mama yule mifupani, akatetemeka mchana kutwa hata kitanda kikalia. Namkunda akakoka moto mkubwa karibu na kitanda na hakuuacha uzimike. Ule moto ndio uliomweka mgonjwa hai, lakini moto mkubwa una mwili mkubwa. Asubuhi alikusanya majivu yaliyopoa, akakifunga kikapu, akafika mlangoni. Nyuma yake akasikia sauti ndogo inaomba maji. Akarudi akampa maji. Akatoka tena, akaitwa tena, na safari hii sauti ilikuwa ndogo zaidi.

Akasimama pale kizingitini na kikapu chake. Mkononi alikuwa na maiti, kama alivyofundishwa, na kitandani alikuwa na mtu ambaye bado yu hai. Makaburini ni mbali. Akawaza kwamba akivuka bonde atarudi na kukuta ana maziko mengine. Akakiweka kikapu chini, akaenda kukaa na mama yake.

Sasa majivu angeyaweka wapi? Mwili wa moto ukikutwa ndani ya nyumba ilikuwa fedheha kubwa, na watu waliokuwa wanakuja kumjulia hali mgonjwa walikuwa na macho ya kuzungukazunguka, kama walivyo watu wote wanaokuja kujulia hali. Aliyaficha chini ya kitanda, mbuzi wakayapekua. Aliyaficha nyuma ya mtungi, Nanzia akajipaka usoni na kutoka nje kuwaonyesha majirani, ikabidi mama mtu akimbie na kumfunika kwa nguo. Mwishowe akakumbuka mahali pamoja ambapo hakuna mkono mwingine ungeingia mpaka mvua inyeshe. Alikwenda chumba cha nyuma, akafunua kilindo, akafumba macho, akayamimina majivu juu ya kunde.

Alikuwa amejiambia ni kwa siku hiyo tu. Lakini siku iliyofuata mgonjwa alikuwa vile vile, na iliyofuata pia. Kila asubuhi Namkunda alienda na majivu yake chumba cha nyuma, akaomba msamaha, akamimina, na kilindo kilipoonekana kujaa alikitikisa kupata nafasi. Majivu yakashuka katikati ya kunde mpaka chini kabisa. Aliwaza kwamba mama akishapona atazipepeta mbegu zote, atawabeba marehemu wote kwa mkupuo mmoja, na atawazika kwa heshima zao. Wala hakujua kama kunde zitapona na balaa hilo. Kila alipofunika kilindo alikuwa anamwona Nanzia akilelewa na watu wengine.

Mzee Senkondo naye aliona kwamba kuna mtu hapiti njiani. Siku moja alikuja kumtazama mgonjwa, na alipokuwa anaondoka akauliza, "Mwanangu, mbona asubuhi sikuoni?"

"Napita mapema, baba," Namkunda akasema. "Nikipita wewe unakuwa hujafika."

Basi yule mzee alikuwa na ugonjwa wa usingizi mtamu wa asubuhi, na hakupenda ijulikane. Akakohoa. Akasema, ehe, ni kweli, nadhani hata juzi nilikusikia ukipita. Akaaga upesi, na waongo wakawa wawili.

Nakijwa akaanza kupata nafuu. Alikaa kitako, akanywa uji, akaanza kulalamika kwamba uji una chumvi nyingi, na Namkunda akajua kwamba sasa amepona. Akapanga kesho yake achukue ungo aanze kupepeta. Jioni hiyo hiyo mvua ikanyesha, mapema kuliko mtu yeyote alivyotegemea.

Kulipokucha uani palikuwa pamejaa watu. Wazee wawili walikibeba kilindo kutoka chumba cha nyuma, wakakiweka katikati, na hakuna aliyemwuliza Namkunda neno. Alisimama na mtoto mgongoni. Senkondo akafunua. Akazamisha mkono mpaka kiwiko, kama desturi ilivyotaka, akautoa. Mkono ulikuwa wa kijivu.

Aliugeuza mkono wake juu na chini. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Namkunda, huyu ni nani?"

"Ni moto wetu, baba," alisema. "Wa muda wote mama alipokuwa mgonjwa. Sikuweza kumwacha peke yake."

Watu wakarudi nyuma. Wako waliofunika pua, ingawa majivu hayanuki, ninyi wenyewe mnajua. Senkondo akakaa chini kwenye matope, mzee wa watu, na machozi yakamlengalenga. Alisema mbegu za ukoo zimelazwa na maiti, sasa ni za makaburini, na aliyezilaza huko azibebe mwenyewe akazizike. Akishazika, asipande tena mlima. Mwanamke mmoja, jirani, akaja kumfungua Nanzia mgongoni mwa mama yake. Mtoto alidhani anabebwa tu, akacheka.

Namkunda hakubisha. Alikiinamisha kilindo aanze kujaza vikapu. Hapo mkono mkavu ukaja ukashika ukingo wa kilindo upande wa pili. Nakijwa alikuwa ametoka ndani mwenyewe, amejifunika ngozi, anashikilia ukuta kwa mkono mwingine.

"Kiweke," alisema. "Nileteeni ungo."

Hakuna aliyesogea, kwa hiyo Namkunda ndiye aliyemletea. Mama yule akakaa chini, akachota, akaanza kupepeta. Upepo ulikuwa unaelekea walipo wazee. Majivu yakawaendea wingu zima, nao wakakimbia wakipigana vikumbo, na inasemekana Mzee Senkondo aliinuka kutoka matopeni kuwashinda vijana. Wingu lilipotulia, kwenye ungo zilibaki kunde. Zilikuwa nzima na ngumu, na hapakuwa na tundu hata moja. Nakijwa akachota kutoka katikati ya kilindo, akapepeta, zikawa vile vile. Akachota kutoka chini kabisa ambako kila mwaka walikuta unga. Nzima. Fukusi wachache walikuwemo, wakavu, wamekufa zamani.

Alichukua kunde moja akaing'ata. Ilikataa. Senkondo aliporudi akampa moja, naye akaing'ata kwa jino alilokuwa nalo, akaitoa, akaitazama, akairudisha kwenye ungo kwa adabu.

Nakijwa hakuinua sauti, kwa sababu hakuwa na sauti ya kuinua. Alisema, "Mimi nilikuwa nakufa kwa baridi, na moto ukanipasha. Ulipomaliza kwangu ukaingia kwenye mbegu zenu ukazilinda. Halafu mnaniambia umekufa. Miaka yote hii tunavuka bonde kuuzika, tunapeana pole, kumbe ulikuwa bado una kazi yetu mkononi." Akamtazama yule jirani. "Nawe mrudishe mtoto kwa mama yake."

Nanzia akarudishwa. Namkunda alimkumbatia, akalia kilio alichokuwa amekizuia muda wote wa ukungu, na watu wakainamisha nyuso, maana walikuwa wamebakiza kidogo tu kufanya jambo baya kabisa.

Kisha Nakijwa akafanya kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Kwetu mkwe ndiye anayempigia goti mama mkwe, akimpa maji, akimsalimu, akiomba ruhusa. Mama huyu alishika ukingo wa kilindo, akayashusha magoti yake mpaka chini, mbele ya mkwe wake na mbele ya watu wote.

"Mama, inuka," Namkunda akasema, naye akiwa karibu kuanguka kwa aibu. "Watu wanaona."

"Waone," Nakijwa akasema. "Niliomba maji ukaja. Ahsante, mwanangu."

Walipanda kunde zile siku hiyo hiyo, mvua ingali mbichi, na mwaka huo waliweka akiba mpaka vyombo vikakosekana. Namkunda alikaa na mwanawe mpaka alipomwozesha. Wale waliosimama uani, kila mmoja alichukua fungu lake la akiba, akaenda kwake akatia majivu katika mbegu hizo, na kila aliyetia alisema ahsante, kwanza kwa aibu, baadaye kwa mazoea. Yale maboga nayo waliyachuma, wakagundua kwamba ni matamu, na wakagundua pia sababu, ndipo wakaanza kumwaga majivu kwenye migomba. Mzee Senkondo aliendelea kukaa njiani kila asubuhi kwa sababu hakujua kazi nyingine, lakini akaacha kutoa pole. Akawa anauliza tu watu wameamkaje, na yeye mwenyewe akaamka muda anaotaka.

Na tangu siku hiyo majivu hayazikwi, wala jina lake halinong'onwi. Tunahifadhia mbegu, tunasugulia sufuria, tunalishia migomba, na usiku tunafukia kaa la moto ndani yake ili asubuhi tusianze kuomba kwa jirani. Anayefagia jiko husaza kiasi, hamalizi yote. Na tangu siku hiyo pia, mwanamke akiolewa katika ukoo huu, mama mkwe huchota majivu kutoka jiko lake mwenyewe na kuyapeleka kwa mikono yake, huyamimina katikati ya mafiga ya mkwe, na hupiga goti na kushukuru. Hata walioolewa Dar es Salaam wenye majiko ya gesi tunawapelekea kwenye kopo, na wanajua wenyewe watakavyowaeleza majirani. Siku nyingine zote mkwe ndiye anayepiga goti, hilo msilisahau mkaniharibia nyumba. Siku hii moja ni ya mama.

Kuna wanaouliza, mama anashukuru nini wakati mkwe hata uji hajampikia bado? Hata mimi niliuliza, siku ile nilipokuwa nimekaa hapo mlipokaa ninyi. Mama mkwe wangu akaniambia tunashukuru mapema, kwa sababu siku ya kuhitaji maji huenda sauti ikawa imekwisha. Nilimpa maji siku hiyo ilipofika. Alinitazama tu, hakuweza kusema neno, na sikumdai kitu, maana alikuwa ameshaniambia.

Haya, majivu nimeshayamimina mafigani; mmoja wenu anishike mkono huu, na mwingine huu, taratibu, magoti yangu hayataki kusikia habari za arusi. Hapo. Na wewe, Eliaichi, usiinuke, mwanangu, kaa hapo hapo ulipo.

Ahsante.